Mavuno ya Mwaka Aliokamatwa Orrin

Ijumaa, 28 Juni

Simu ililia jioni, jua bado kali, mikono yangu imejaa maganda ya viazi. Alikuwa Afisa Tolan, yule kijana ambaye mama yake hukaa nami benchi moja kanisani. "Mama Haugland," akasema, "naomba uketi kwanza." Niliketi. Mara ya mwisho polisi kuniambia niketi, alikuwa amekuja kuniarifu kwamba binti yangu Maren amegongwa na mlevi, na amekufa.

Safari hii hakufa mtu. Mume wangu Orrin amekamatwa akiendesha amelewa.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, maana mwili wangu ulikuwa umeshajiandaa kwa msiba.

Nilimkuta kituoni kwenye kiti cha plastiki, kofia juu ya magoti.

"Verna."

"Usiseme kitu."

Akavaa kofia, akanifuata garini. Nyumbani Britta alikuwa amesimama kwenye ngazi. Britta ni mtoto wa Maren. Tumemlea sisi tangu mama yake alipokufa, sasa ana miaka ishirini, na kila kiangazi anarudi kutoka chuoni kuendesha lori la ngano.

"Babu, ni wewe?" akamwuliza. "Kati ya watu wote duniani, wewe?"

Orrin alivua kofia kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu. Britta akaingia ndani na kubamiza mlango.

Jumamosi, 29 Juni

Jirani yetu Dwight Ostrander ameirudisha pikapu ya Orrin. Nikamwuliza aliikuta wapi. Akatazama viatu vyake. "Huko barabarani tu, Verna." Akakataa kahawa. Dwight hajawahi kukataa kahawa yangu.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 2 Julai

Amenipigia simu Rosalba Quintero, anayesimamia kikao cha waathirika hapa wilayani. Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi watu waliokamatwa kwa ulevi barabarani hukusanywa kwenye ukumbi wa mahakama wasikilize sisi tuliofiwa. Nimezungumza pale miaka minane. Maneno yangu nayajua kama sala: gari jeupe la Maren, viatu vyake vya kazi vya hospitali, Britta akiuliza kama mama atachelewa. Najua ni wapi wanaume wanainamisha vichwa. Wanainamisha ninaposema, "Mume wangu hakulia. Mpaka leo hajalia." Pale ukumbi huwa kimya, hata kiti hakilii.

"Mwezi huu pumzika," Rosalba akasema. Sikumbishia.

Jumatatu, 8 Julai

Mahakamani. Nilivaa gauni la bluu ninalovaa kwenye kikao, nikalivua, nikavaa la kahawia.

Jaji Feldkamp alimweleza Orrin taratibu, kama anavyowaeleza wote. Kwa kuwa ni kosa la kwanza na hakuna aliyeumia, anaweza kuingia kwenye mpango wa marekebisho. Atakiri kosa leo, lakini hukumu itawekwa kando mwaka mzima. Katika mwaka huo asionje kileo, ahudhurie darasa la tiba kila Jumanne, gari lake lifungwe kifaa cha kupulizia kinachokataa kuliwasha kikinusa kileo, na akae kwenye kikao cha waathirika. Akimaliza, kesi inafutwa. Akishindwa, hakuna kesi ya kusikilizwa tena, ameshakiri; kilichobaki ni hukumu.

"Umeelewa, Bwana Haugland?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Kuhusu hicho kikao..." Jaji akanitupia jicho, akarudi kwenye karatasi zake. "Tutaona namna."

Miaka minane nimesimama mbele za watu nikiuita mpango huu mlango wa uani. Cody Brandvold, aliyemgonga Maren, aliupitia miaka mitatu kabla ya kumgonga. Alitimiza kila sharti. Alipewa mkono wa pongezi. Ningependa kuandika kwamba leo nilipandwa na hasira. Nilipata nafuu. Orrin alipokuwa akitia sahihi mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa ule ule mlango wa uani.

Alhamisi, 11 Julai

Joto. Upepo wa mashariki tangu asubuhi. Ngano imekauka, ukipita kando yake inachakarisha kama karatasi.

Jumatatu, 15 Julai

Tumeanza kuvuna. Ndani ya shamba lake Orrin anaruhusiwa kuendesha kombaini. Lori la kwenda ghalani ni la Britta. Wana redio za kusemezana, na siku nzima nimesikia maneno haya tu:

"Lori liko tayari."

"Sawa."

"Limejaa."

"Sawa."

Miaka mingine walikuwa wakiimbiana humo.

Jumanne, 16 Julai

Darasa la kwanza. Nimempeleka, nikamngoja ndani ya gari nikifuma soksi. Alitoka na uso uleule aliokuwa nao alipoingia.

"Wamewaambia nini?"

"Wametuonyesha picha ya ini."

"Likoje?"

"Baya kuliko langu, natumaini."

Nilitaka kucheka. Nikawasha gari.

Ijumaa, 19 Julai

Ijumaa ndiyo inamtesa. Kila Ijumaa jioni kwa miaka alikuwa akienda baa, na mimi sikuwahi kumwuliza, maana alirudi akitembea sawasawa. Leo alipomaliza kazi alizunguka ua, akafagia banda lililokwisha kufagiliwa, akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Nina mikono sijui niiweke wapi," akasema.

Nikampa maharage amenye. Alimenya yote.

Jumanne, 23 Julai

Darasani kuna kijana anaitwa Lonnie, anaezeka mapaa, aliingiza gari kwenye uzio wa shule siku ya likizo. Analia kila wiki.

"Ni mtoto tu, Verna. Ukimwona utamwonea huruma."

"Cody naye alikuwa mtoto."

Aligeukia dirishani. Njia nzima niliona kisogo chake tu.

Jumanne, 30 Julai

Pikapu imefungwa kifaa, na sasa anaweza kuendesha, mradi apulize kwanza. Lakini si kupuliza tu. Unapuliza huku unanguruma kooni, la sivyo kinakataa. Fundi alimwelekeza mara nne. Orrin alikaza shingo, akapuliza, akanguruma wimbo wa kanisani mzima, ubeti na kiitikio, uso umekuwa mwekundu kama nyanya. Britta alikuwa anajaza mafuta kwenye lori. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akatugeuzia mgongo.

Orrin alitabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Jumatano, 31 Julai

Miaka tisa leo tangu afe Maren. Joto lilizidi. Hakuna aliyemtaja.

Jumanne, 6 Agosti

Tukirudi kutoka darasani, sasa yeye ndiye anayeendesha, akaniuliza, "Unajua walinikamata wapi?"

"Dwight alisema barabarani."

"Dwight ni mtu mwema." Akaendesha kidogo. "Nilikuwa nimesimamisha gari njia panda ya Juniper."

Maren alikufa njia panda ya Juniper, Ijumaa jioni, akitoka kazini. Mimi sijapita pale tangu mwaka ule. Nazunguka kwa njia ya juu, hata kama nachelewa.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Ninachofanya kila Ijumaa. Nakwenda baa, nakunywa mpaka niweze kwenda pale, halafu nakwenda pale. Nikiwa mkavu, bila kunywa, siwezi, Verna. Nimejaribu. Nafika kwenye daraja, mguu unakataa."

Niliitazama mikono yake kwenye usukani. Nikawaza hizo Ijumaa zote. Magari mangapi yalipishana naye pale, akina mama wangapi wanatoka kazini. Nilitaka kumshika bega na nilitaka kumzaba kofi, na sikufanya hata kimoja.

Ijumaa, 9 Agosti

Radi kavu upande wa kusini. Wanaume wote wilayani wanatazama angani. Tumeweka tangi la maji kando ya kombaini, moto ukizuka.

Jumatatu, 12 Agosti

Rosalba tena. Amesema Jaji yuko radhi Orrin ahudhurie kikao cha wilaya jirani, asiwe kwenye changu. Nilimpelekea Orrin habari hiyo shambani pamoja na mkate na chai ya barafu.

"Watu wengine wanakwenda kikao kipi?" akauliza.

"Cha kwetu."

"Basi na mimi nitakwenda cha kwetu."

"Orrin, nitakuwa nazungumza mimi."

"Najua nani anazungumza. Miaka minane sijakusikia. Acha sheria inilazimishe."

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekaa mezani muda mrefu kabla ya kuandika haya.

Walikuwa kumi na tano au zaidi. Orrin alikaa safu ya tatu, shati jeupe, nywele amezilowesha na kuzichana. Pembeni yake alikaa kijana mwembamba mwenye lami kwenye kucha. Nikajua ndiye Lonnie. Rosalba alinibana mkono nilipopita.

Nilikuwa nimepanga. Nilijiambia nitafupisha, nitaruka sehemu ya Orrin, nitasema habari za Britta badala yake. Nikaanza. Gari jeupe. Viatu. Britta dirishani. Ila nimeyasema maneno haya mara nyingi mno, yanajisema. Nikafika kwa Cody. "Alipewa nafasi," nikasema, kama ninavyosema kila mwezi. "Alikuwa amekaa kwenye kiti kama hicho chako. Kama angehukumiwa mara ile ya kwanza, leo binti yangu angekuwa jikoni kwangu." Nikaona vichwa vinaanza kuinama, na kabla sijaushika ulimi wangu nikasema, "Mume wangu hakulia. Mpaka leo hajalia."

Ukumbi ukawa kimya, kama kawaida.

Orrin hakuinamisha kichwa. Alinitazama tu. Nimeishi naye miaka arobaini na tatu na sikuwahi kuona uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia jina lake likisomwa mahali ambapo hakujua limeandikwa. Lonnie hakumjua kuwa ndiye mume, akamnong'oneza jambo, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Baadaye Orrin aliniambia alichosema: "Ni mtu wa aina gani huyo asiyemlilia mtoto wake?"

Nilimaliza, sijui vipi. Rosalba aligawa karatasi za kuthibitisha mahudhurio, Orrin akapanga foleni na wengine.

Ndani ya pikapu alipuliza kile kifaa, injini ikawaka, lakini hakuondoka.

"Umewaambia hivyo kila mwezi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Miaka minane."

"Orrin, sikuona ukilia. Nilisema nilichokiona."

"Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mama yako, wachungaji, wanawake na vyungu vyao. Wewe ulikuwa umelala, Britta amekushikilia shingo. Ningelilia wapi?" Alikuwa akisema polepole, bila ukali. "Nilikwenda shambani. Nikapanda kombaini, nikafunga madirisha, nikawasha injini ili nisisikike. Nikazunguka shamba la kusini."

"Shamba la kusini lilikuwa limeshavunwa."

"Ndiyo. Nilivuna mabua. Siku tatu."

Nakumbuka. Watu walilizungumza kwenye matanga. Walisema Haugland amechanganyikiwa, anavuna shamba tupu. Mimi nilisikia, nikaona haya kwa ajili yake, nikawaza: mtoto hajazikwa na yeye anawaza kazi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungeniuliza," akasema.

Ijumaa, 16 Agosti

Amevuna mpaka giza. Nilimwachia chakula mezani, nikaenda kulala.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimempelekea chakula shambani. Badala ya kukiacha na kurudi, nimepanda kombaini, nikakaa kwenye kile kiti kidogo cha pembeni. Tulivuna mistari sita. Mle ndani kweli husikii chochote cha nje.

Jumanne, 20 Agosti

Lonnie amegundua. Alimfuata Orrin kabla ya darasa, amekuwa mwekundu, akaomba radhi. Orrin akamwambia, "Wewe uliuliza swali zuri, kijana. Tatizo ni jibu lake refu."

Jumamosi, 24 Agosti

Tumemaliza. Mzigo wa mwisho ulikwenda ghalani adhuhuri, Britta akirudi akipiga honi tangu barabara kuu. Nimepika nyama ya kuoka na mahindi mabichi, Dwight na mkewe wamekuja. Dwight, kwa mazoea, alibeba bia. Alipofika mlangoni akazikumbuka, akasimama nazo kama mtu aliyekuja harusini na jeneza.

"Zirudishe garini kabla hazijaanza kuona aibu," Orrin akamwambia, na tukacheka wote.

Wakati wa kuosha vyombo Britta alichukua kitambaa, akasimama upande wa babu yake. "Sijakusamehe," akamwambia.

"Sijaomba bado."

"Utaomba lini?"

"Nikijua nitaanzia wapi."

Akamkaushia sahani, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua ndogo. Vumbi limelala. Orrin amenenepa kidogo usoni.

Jumapili, 8 Septemba

Tumekwenda kanisani wote watatu. Aliimba.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo Maren angetimiza miaka arobaini na mmoja.

Asubuhi ilikuwa njema. Orrin alikata maua ya bustanini, yale mekundu, akayafunga kwa kamba ya kufungia robota za nyasi. Alisema atakwenda njia panda mchana kweupe, mkavu, na akaniuliza kama nitakwenda naye.

Nikasema siwezi.

Ninaandika hilo bila kulipamba. Aliniomba, nikasema bado, mwaka mwingine, sasa siwezi. Akasema haidhuru. Akaondoka kuelekea banda la mashine na maua yake, nami nikarudi kukanda unga.

Alasiri nilisikia kile kifaa kinalia. Si mlio wa kawaida. Mlio wa kukataa. Halafu sauti ya Britta. Nikatoka mbio, unga mpaka viwiko.

Orrin alikuwa ameketi kwenye pikapu, mlango wazi, maua kwenye kiti cha pembeni. Macho yalikuwa yamevimba. Harufu ya wiski niliisikia kutoka mbali. Sijui aliificha tangu lini mle bandani. Alikuwa amemnyooshea Britta ule mrija wa kupulizia.

"Puliza tu mara moja, mjukuu wangu. Nitakwenda polepole. Ni hapo tu. Mama yako ananingoja."

"Babu, usiniombe."

"Mara moja tu."

"Unaniomba mimi?" Britta alirudi nyuma. "Unaniomba mimi niliwashe? Mimi?"

Nafikiri hapo alimwona. Nafikiri mpaka wakati ule alikuwa hajui anazungumza na nani. Mrija ulimdondoka. Alitoka garini, akakaa chini kwenye changarawe, akaweka paji la uso kwenye tairi, akalia. Nimesubiri kuona kilio hicho miaka tisa na sasa naomba nisikione tena.

Britta aliyachukua maua. Akapanda gari lake, akayapeleka mwenyewe.

Jumatatu, 16 Septemba

Kifaa kinajiandikia kila kitu na kupeleka taarifa mahakamani. Hakuendesha hata kidogo, lakini alikunywa, na kunywa peke yake kunatosha. Wito umefika kwa simu. Tarehe thelathini.

Jumamosi, 21 Septemba

Britta amerudi chuoni. Alimkumbatia babu yake akiwa amefumba macho. Mimi akaninong'oneza: "Bibi, usimwache peke yake, hata ukimkasirikia." Nimemlea mtoto huyu, na sasa ndiye ananifundisha.

Jumanne, 24 Septemba

Wakati wa kupanda ngano ya majira ya baridi umefika. Orrin hajagusa mashine. Anakaa barazani.

Jumatatu, 30 Septemba

Jaji Feldkamp alikuwa mpole kuliko nilivyotegemea. Alisema ameona taarifa, ameona pia mahudhurio yote ya Jumanne bila kukosa. Alisema tarehe ile, siku ya kuzaliwa Maren, anaielewa. Yuko tayari kumwacha kwenye mpango, mradi aingie nyumba ya tiba na muda uongezwe.

"Unasemaje, Bwana Haugland?"

Wakili alishaanza kukusanya karatasi, akijua jibu. Orrin akasimama.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Sitaki."

"Hutaki tiba?"

"Tiba nitakwenda mwenyewe. Sitaki kesi ifutwe. Nimekaa kwenye kikao cha Alhamisi, nikamsikia mama mmoja akisema kwamba aliyemwua binti yake alipewa nafasi, na kama angehukumiwa mara ya kwanza, mtoto angekuwa hai. Nimelifikiri sana neno hilo. Nilimwomba mjukuu wangu aniwashie gari. Nihukumu."

Sikujua kwamba nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu. "Mheshimiwa, mimi ndiye mama huyo. Nasema apewe. Huyu siye Cody."

"Mama Haugland, tafadhali."

"Miaka minane mmenisikiliza kila mwezi. Nisikilizeni na leo."

"Verna," Orrin akasema, bila kugeuka, "na Cody alikuwa na mama yake aliyesema hivyo hivyo."

Jaji alivua miwani. Akasema anasikitika, lakini nafasi haiwezi kuwekwa mfukoni mwa mtu asiyeitaka. Akasoma hukumu: siku chache za jela, leseni kuondolewa, miaka miwili ya uangalizi. Kosa litabaki kwenye jina lake maisha yote.

Nilipokuwa nikiwasikiliza wengine wakihukumiwa, miaka yote ile, nilidhani neno hukumu lina utamu fulani. Halina ladha yoyote.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimempeleka jela ya wilaya asubuhi. Mlinzi alikuwa mmoja wa vijana niliowafundisha shule ya Jumapili. Alimwambia "Karibu, mzee," kisha akaona haya kwa neno hilo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nyumba kubwa hii. Nimepika kwa ajili ya wawili bila kufikiri.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ametoka, amekunywa supu, amebadilisha nguo, na nimempeleka moja kwa moja nyumba ya tiba kule La Grande, ng'ambo ya milima. Bila leseni hawezi kuendesha lori wala kwenda popote, na mimi siwezi shamba peke yangu, kwa hiyo Dwight atalikodi. Tumelizungumza njiani kana kwamba ni habari za watu wengine. Shamba hilo lililimwa na baba yake na babu yake.

Jumatano, 9 Oktoba

Dwight amepanda shamba la kusini. Nimemwangalia kutoka dirishani. Anapanda vizuri. Nilifunga pazia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimempigia Rosalba, nikamwambia mwezi huu sitakuja kikaoni. Akauliza mwezi ujao je. Nikamwambia yale niliyokuwa nasema siyaamini yote tena, na mengine sijayapata.

"Basi ukiyapata, njoo hata kama ni machache," akasema.

Jumatano, 23 Oktoba

Baridi kali. Ngano imeota, kijani chembamba, kama imechorwa kwa penseli.

Jumapili, 27 Oktoba

Siku ya familia kule La Grande. Walitukalisha duara kwenye viti vya kukunja, wanaume saba na watu wao. Msimamizi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alieleza utaratibu: kila mmoja atasema jambo moja la kweli kwa mtu aliyekuja kumwona. Aliyekuja asijibu. Asikilize tu.

Zamu ya Orrin ikafika. Amekonda. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Verna," akasema. "Kila mwezi ulikuwa unatoka kwenda kuwaambia watu habari za mtoto wetu. Mimi nilikuwa nakungoja jikoni. Nilikuwa napika kahawa, vikombe viwili. Najiambia, leo akirudi nitamwomba anisimulie na mimi. Unaingia, unatundika koti, unasema umechoka, unakwenda kulala. Sikulaumu. Wale watu ulikuwa umeshawapa yote. Lakini na mimi nilikuwa baba yake. Nilikuwa nakaa pale na kahawa mbili." Akaniangalia. "Baadaye ikawa si kahawa. Hilo ni langu, si lako. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwa nakungoja."

Nilifungua mdomo. Msimamizi akatikisa kichwa kwa upole, nikaufunga. Dakika zile nilijua maana ya kuketi upande wa wasikilizaji.

Walitupa mapumziko kabla ya chakula cha mchana. Tulikwenda kukaa ndani ya gari langu kwa sababu nje theluji ilikuwa imeanza, ile nyepesi isiyoshika chini.

"Sasa naruhusiwa kujibu?" nikamwuliza.

"Jibu."

Nilichokuwa nacho ni Maren, na si yule wa njia panda. Nikaanzia usiku aliozaliwa, daktari amekwama kwenye matope, Orrin akimwita kwa kurunzi. "Kurunzi ilikuwa ya Dwight," akasema. Nikamweleza jino la kwanza. Nikamweleza alipomkata farasi nywele za shingo kwa mkasi wangu wa kushonea, akamwambia mchungaji kwamba ni farasi mwenyewe aliyeomba. Orrin alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka, hata hakuyafuta. Akawa ananikumbusha niliyoyasahau, rangi ya kofia, jina la mbwa. Vioo vya gari vikajaa ukungu kwa pumzi zetu.

Mtu akagonga dirisha. Chakula tayari, wageni waondoke. Orrin aliniangalia kama ananiomba niendelee, lakini huko kuna sheria zake. Alinibusu kwenye paji la uso, akashuka, akatembea kuelekea mlangoni na wenzake, theluji ikimtua mabegani.

Nilikuwa bado sijafika hata siku Maren alipoanza shule.